Kabla ya kumeza dawa, tujue kama kinachotuumiza ki hai

Lipo swali ambalo watoto wetu huulizwa shuleni, wakalijibu, wakatiwa alama zao, kisha likasahaulika maisha yao yote: kiumbe hai ni kitu gani? Mwanafunzi hukariri sifa saba. Kiumbe hai hujongea, hupumua, huhisi, hukua, huzaa, hula na hutoa taka mwilini. Mtihani ukiisha, daftari hilo huishia sokoni kufungia njugu.

Maoni yangu ni kwamba swali hilo lingefaa kuandikwa juu ya kaunta ya kila duka la dawa mjini Eldoret. Pale ndipo jibu lake huamua kama mgonjwa atapona, au atarudi nyumbani bila pesa na bila nafuu.

Nasema hivyo kwa sababu moja. Dawa nyingi tunazotumia dhidi ya maradhi ya kuambukizwa ni sumu. Kazi yake ni kuua. Lakini huwezi kukiua kisichokuwa hai, na hata kilicho hai hakifi kwa sumu yoyote tu. Sharti iwe sumu inayojua pa kukipiga. Nao wanaotushambulia si wa ukoo mmoja. Wengine ni viumbe kamili, wengine ni nusu viumbe, na vingine si viumbe kamwe. Sisi raia huwaita wote "vijidudu", kisha tukawatafutia kidonge kimoja.

Hebu simama nusu saa katika duka la dawa mtaani wakati wa baridi ya Julai. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huo kila matatu imejaa watu wanaokohoa. Mazungumzo utakayoyasikia ni haya haya:

"Kijana wangu, nipe zile za rangi mbili. Mafua yamenikalia vibaya."

"Za mia moja au za hamsini, mama?"

"Za hamsini. Nikipata nafuu, zitakazobaki nitampa mtoto."

Hakuna anayeuliza barua ya daktari, ingawa sheria inataka dawa hizo ziuzwe kwa barua hiyo. Zile za rangi mbili ni amoksisilini, dawa ya jamii ya antibiotiki. Mafua ya kawaida nayo huletwa na virusi. Amoksisilini haimgusi mwenye mafua hata akimeza debe zima. Ili tuelewe ni kwa nini, inatubidi tuingie kidogo ndani ya jengo la uhai lenyewe.

Mnamo 1665, Mwingereza Robert Hooke aliweka kipande cha kizibo chini ya hadubini, akaona vyumba vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki. Akaviita seli. Baadaye, Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alikwangua utando wa meno, akautazama kwa lenzi aliyoichonga mwenyewe, na kuona viumbe wadogo mno wakiogelea. Huyu muuza vitambaa alikuwa amewaona bakteria, lakini ilipita karibu miaka 200 kabla ya madaktari kukubali kuwa viumbe wa aina hiyo wanaweza kuleta maradhi. Mnamo 1855 Mjerumani Rudolf Virchow akatangaza kuwa kila seli huzaliwa na seli nyingine.

Huo ndio msingi. Chenye uhai kina seli, iwe moja au nyingi. Seli ni kama boma. Lina ua wa kuzuia wavamizi, lango la kuingizia chakula, jiko la kutengenezea nguvu, karakana ya kuundia protini, na kitabu cha maagizo ambacho wazazi huwarithisha watoto. Mwili wa mtu mzima una seli takriban trilioni 30, zaidi ya nusu yake zikiwa chembe nyekundu za damu. Seli hizo zimejipanga kuwa tishu, tishu zikawa viungo kama ini na moyo, viungo navyo vikashirikiana kuwa mifumo, kama ule wa kusaga chakula na ule wa kupitisha damu. Bakteria hana makuu hayo. Boma lake ni moja, humo anakula, anakua na kuzaa, bila kumtegemea jirani.

Mwalimu asinielewe vibaya, lakini zile sifa saba peke yake si kipimo kamili. Moto wa msituni hujongea, hula kuni, huvuta hewa, hukua, hutoa majivu na huzaa moto mwingine ng'ambo ya barabara, wala si kiumbe. Baghala, yule mtoto wa punda na farasi, hazai, na bado yu hai na anabeba mizigo. Chembe nyekundu ya damu haina hata kitabu cha maagizo. Huzunguka mwilini kwa takriban siku 120 kisha huvunjwavunjwa. Kwa hiyo tukitaka kipimo cha kutusaidia mbele ya kaunta ya dawa, tuulize maswali mawili tu: kitu hiki kina boma lake? Na je, kina karakana yake ya kujitengenezea mahitaji, au huazima ya mwingine?

Sasa turudi kwa yule mama mwenye mafua. Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928. Penisilini na jamaa zake, amoksisilini ikiwemo, huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Ukuta ukilegea, maji huingia na boma hupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa humwua bakteria na kutuacha sisi salama. Antibiotiki nyingine hupiga karakana ya protini ya bakteria, ambayo haikuundwa sawasawa na yetu. Huu ni ujanja mkubwa wa tiba: kutafuta alicho nacho adui ambacho wewe huna.

Kirusi je? Kirusi hakina boma. Hakina ukuta, hakina jiko, hakina karakana. Ni kipande cha maagizo kilichofungwa ndani ya ganda la protini, basi. Wanasayansi walianza kukishuku mwishoni mwa karne ya 19 walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa majani ya tumbaku. Mrusi Dmitri Ivanovsky mwaka 1892, kisha Mholanzi Martinus Beijerinck mwaka 1898, waliona kuwa maji ya majani hayo yaliendelea kuambukiza hata baada ya kupitishwa katika chujio lisilopitisha bakteria. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akafanya jambo lililowashangaza wengi. Alikigeuza kirusi hicho kuwa fuwele, mfano wa chumvi au sukari. Alipoziyeyusha fuwele hizo na kuzipaka kwenye jani, jani likaugua. Niambie ni kiumbe gani unayeweza kumfanya chumvi, ukamtia chupani, na baadaye akaamka na kuendelea na shughuli zake.

Mimi hupenda kukifananisha kirusi na kaseti. Kaseti ina wimbo ndani yake, lakini iache mezani mwaka mzima haitaimba. Itie ndani ya redio ya jirani, itaimba kwa betri za jirani. Kirusi kikiingia katika seli ya pua yako, huiamuru karakana ya seli hiyo itengeneze virusi vingine maelfu. Sasa wewe unampelekea kirusi penisilini, fundi wa kubomoa kuta. Atabomoa nini kwa mtu anayelala katika hema la wengine?

Hata Kiswahili chetu kinaonekana kusitasita hapa. Watu na wanyama tumewaweka katika ngeli ya A-WA: bakteria anaingia, bakteria wanazaana. Lakini kirusi tumekitupa katika KI-VI pamoja na kiti na kijiko: kirusi kinaingia, virusi vinasambaa. Sidai kuwa waliotunga maneno haya walikuwa wameshauriana na maabara, na najua pia kwamba mti u hai na hauko katika A-WA, ilhali marehemu yumo. Hata hivyo, ni vizuri kukumbuka kuwa tofauti ya bakteria na kirusi hatukuiacha katika maabara tu, tunaitamka kila siku.

Tofauti hiyo ndiyo iliyotufundisha kunawa mikono tangu Machi 13, 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19. Kirusi cha corona kimevaa koti la mafuta. Sabuni huyavunja mafuta, iwe ya sufuria au ya kirusi, na koti likitoka kirusi kimekwisha. Hatukiui; tunakichana vipande, kama barua. Lakini si virusi vyote vilivyovaa koti hilo, na ndiyo maana tuliambiwa tusugue mikono kwa sekunde 20 na kusuuza kwa maji mengi, ili vile visivyochanika viondoke na povu.

Mji wa Eldoret una sababu zaidi ya miji mingine kulielewa jambo hili. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi, kwanza hapa mjini na katika kituo cha afya cha Mosoriot. Wakati huo kulikuwa na Wakenya wengi waliodhani kuwa kupimwa ni kutangaziwa kifo. Wengi waliobebwa kwa machela siku hizo leo wanalima, wanafundisha na kulea wajukuu.

Dawa walizopewa tunaziita dawa za kupunguza makali, na jina hilo lina ukweli ambao hatuufikirii. Hazikiui kirusi. Huizuia kazi ya kukinakili, yaani hukata nyaya za redio ili kaseti isiimbe. Baadhi ya virusi hujificha ndani ya seli zilizolala, maagizo yao yakiwa yameshonwa katika kitabu cha seli yenyewe. Mgonjwa anapoambiwa na maabara kuwa virusi havionekani tena katika damu yake, ni habari njema sana. Akiendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Lakini havikufa, kwa kuwa havikuwa hai kwa namna ya kufa. Akiacha dawa, redio itawashwa tena baada ya wiki chache. Nimewasikia watu wakishawishiwa waache vidonge vyao kwa kuwa "vijidudu vimekwisha". Anayetoa ushauri huo, awe jirani au mhubiri, anacheza na roho za watu.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa amoksisilini haisaidii mafua, na hainiui, hasara iko wapi? Shilingi hamsini?

Hasara ni kubwa. Kwanza, wewe si boma la seli zako tu. Hesabu iliyotolewa na watafiti mwaka 2016 ilionyesha kuwa mwili wa mtu mzima unabeba bakteria takriban trilioni 38, wengi wao katika utumbo mkubwa. Wanatusaidia kusaga vyakula vigumu, hutengeneza vitamini K na huziba nafasi ambazo maadui wangezikalia. Antibiotiki haiwabagui. Yule mama anameza vidonge vya mafua, mafua yanaendelea na safari yake ya wiki moja, na kinachopigwa ni majirani zake wema. Kuhara kunakofuata hukulaumu sukuma wiki.

Pili, bakteria akiwa kiumbe kamili, huzaa na kurithisha. Bakteria wa tumboni anayepata chakula cha kutosha anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja akianza saa mbili usiku, kufikia saa kumi alfajiri wanaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Katika umati huo hakosekani mmoja ambaye kitabu chake kilinakiliwa kwa makosa, na kosa hilo likamfanya astahimili dawa. Ukimeza vidonge vinne vya hamsini ukaacha, unawaua wanyonge na kumwachia yule sugu shamba lote. Fleming mwenyewe alionya juu ya hatari ya kutumia dozi ndogo isiyotosha alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria walioshinda dawa. Kenya ilizindua mpango wa taifa wa kukabiliana na tatizo hili mwaka 2017. Mpango ni mzuri. Kaunta ndiyo iliyobaki vile vile.

Kwa malaria tumekwisha kuonjeshwa uchungu huu. Wazee wanaikumbuka klorokwini, chungu kuliko shubiri, na mwasho wake. Mwaka 1998 serikali iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu kimelea kilikuwa kimeizoea, tukahamia dawa za jamii ya Fansidar. Hizo nazo zikashindwa mapema, na mwaka 2004 ikaamuliwa tuhamie dawa ya mchanganyiko wenye artemetha, iliyoanza kutumika hospitalini mwaka 2006. Dawa mbili kubwa zilipotea katika kizazi kimoja.

Kimelea hicho cha malaria kinatufunza jambo jingine kuhusu mpangilio wa uhai. Si bakteria. Mmarekani Carl Woese na wenzake walipendekeza mwaka 1990 kuwa viumbe wote wagawanywe katika matawi makuu matatu. La kwanza ni bakteria. La pili ni akea, viumbe wa seli moja ambao baadhi yao hupatikana katika chemchemi za maji moto. La tatu ni viumbe wote ambao seli zao zina kiini kilichofunikwa. Katika tawi hilo la tatu tumo sisi, ng'ombe, mahindi, kuvu, na, utake usitake, kimelea cha malaria. Ni binamu yetu wa mbali. Kadiri boma la adui linavyofanana na lako, ndivyo ilivyo vigumu kupata sumu ya kumwua bila kukudhuru. Ndiyo maana dawa za malaria na za kuvu wa ndani ya mwili zinahitaji uangalifu, na ndiyo maana dozi ya amoksisilini haitibu malaria ya mtoto hata kama homa ilishuka kwa saa chache.

Kifua kikuu ni bakteria halisi, lakini bakteria mwenye mwendo wa kinyonga. Wakati yule wa tumboni anagawanyika kila dakika 20, huyu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja, na wengine hulala kabisa. Antibiotiki nyingi humpiga vizuri bakteria aliye kazini. Kwa hiyo tiba ya kawaida huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mgonjwa hupata nafuu mapema, kikohozi kikaisha, akanenepa, akaona wauguzi wanamsumbua bure. Wauguzi wanawasubiri waliolala waamke.

Wafugaji wa Uasin Gishu wanamjua mlalaji mkubwa zaidi. Bakteria wa kimeta akikosa chakula hujifungia ndani ya ganda gumu, hali wala hazai, akakaa ardhini kwa makumi ya miaka. Kwa kipimo cha sifa saba ni jiwe. Pasua mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani, na utakuwa umemwaga mbegu za kimeta shambani mwako, mbali na hatari ya wewe mwenyewe kuugua. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi wala hauchunwi. Anaitwa afisa wa mifugo.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya vilivyo hai na vya nusu uhai. Lakini linalonitia hofu kuliko yote katika sehemu hii ya nchi, inayolisha Kenya mahindi, ni kisichokuwa hai kabisa.

Mahindi yakivunwa mabichi na kurundikwa kabla ya kukauka, huota ukungu. Ukungu huo ni kuvu, kiumbe hai, na aina moja yake, Aspergillus flavus, hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Kuvu hufa ukimpika. Sumu yake haifi, kwa kuwa haikuwa hai. Ni kemikali, na moto wa jikoni hauifikishi kwenye joto la kuivunja. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikula ugali ulioiva vizuri. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi siku hiyo, bali hujiongezea hatari ya saratani ya ini.

Bado nasikia watu wakisema kuwa mahindi yaliyoharibika yaoshwe, yakobolewe, yachemshwe sana, au apewe ng'ombe. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, nayo haiondolewi kwa kuchemsha. Hapo tumezoea kumkabili adui kana kwamba ana roho ya kutolewa. Kinga ya sumu hii iko shambani na ghalani: kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, kuyaanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, na kuyapeleka kwenye mashine za kukaushia za NCPB iwapo mvua ya Novemba imekataa kuondoka.

Mursik, ile tunayowanywesha wanariadha wetu wakitua na medali, ni mfano wa kupendeza wa mambo haya yote ndani ya kibuyu kimoja. Bakteria walio hai huyagandisha maziwa na kuyatia ukali unaozuia vijidudu vingi kustawi. Lakini nao hutoa taka zao. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo kwamba baadhi ya mursik ya magharibi mwa Kenya ilikuwa na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula. Sisemi tuvunje vibuyu. Nasema kiumbe ni jambo moja, na anachokiacha nyuma ni jambo la pili.

Najua pingamizi nitakazopata. Muuza dawa atasema akikataa kumuuzia mama huyo, duka la pili litamuuzia. Daktari atasema ana foleni ya watu 60, na kwamba hata yeye, kwa kumtazama mgonjwa tu, si kila mara anaweza kutambua kama ni bakteria au kirusi. Hilo ni kweli. Wala nisieleweke kuwa ninawaonea shaka antibiotiki. Bila hizo tungekuwa tunazika watoto kila wiki. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, huenda ana nimonia. Huyo apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, si kesho, na antibiotiki atakayopewa huenda ndiyo itakayomwokoa. Nataka dawa hiyo iwe bado inafanya kazi siku hiyo.

Kwa hivyo ninachopendekeza hakihitaji bajeti ya kaunti. Kila anayepewa dawa hapa Eldoret hukabidhiwa bahasha ndogo ya karatasi. Juu yake huandikwa 1x3, au 2x2, na pengine jina la dawa kwa mwandiko usiosomeka. Hakuna mahali palipoandikwa dawa hii inapigana na nani. Idara ya afya ya kaunti iagize kwamba kila bahasha iandikwe pia neno moja: bakteria, kirusi, kimelea, kuvu, au sumu. Muuzaji atakayelazimika kuandika "kirusi" juu ya bahasha ya amoksisilini itambidi asite, na mama atakayeisoma atapata la kumuuliza. Nafasi ipo, chini kidogo ya ile 1x3, na kalamu tayari iko mkononi mwake.